Upande wa Nyuma wa Kabati

Jumanne, tarehe kumi na tisa Mei. Joto liliamka kabla ya watu, na hadi saa moja asubuhi hewa ilikuwa nzito kama blanketi lililoloa. Wingu lilitanda juu ya mji, halitaki kunyesha wala kuondoka. Ndani ya chumba cha mitambo cha hospitali kiyoyozi kilikuwa kimezidiwa. Kilidondosha maji ukutani, tone baada ya tone, na kidimbwi kidogo kilikuwa kimeanza kutambaa kuelekea kwenye kabati la diski.

Fundi alikiona, akachungulia koridoni. Shemeji yake, mdogo wa kike wa mke wake, alikuwa anapiga deki mbele ya dirisha la mapokezi.

"Shemeji, hebu njoo unisaidie humu. Kuna maji."

"Humu si tumekatazwa kuingia?"

"Nimekuita mimi. Pitisha tambara tu, kabati usiliguse."

"Na Mkuu wako wa kitengo akinikuta?"

"Mkuu saa hizi anagombana na foleni ya magari. Njoo."

Akaja na ndoo yake, akipinda mgongo kwa utani kama mtu anayeingia ikulu. Fundi akacheka, akarudi kwenye kazi yake.

Kabati lile ndilo lililobeba picha zote za hospitali: mifupa, mapafu, vichwa, na watoto ambao hawajazaliwa. Diski zilikaa humo safu kwa safu, na zilitawaliwa na vidhibiti viwili. Hivyo ndivyo vilivyopokea kila picha, vikaishikilia kwanza kwenye kumbukumbu yao, kisha vikaiandika kwenye diski. Vilikuwa viwili ili kimoja kikiugua, kingine kibebe mzigo. Tangu jana yake cha kushoto kilikuwa kinawaka taa ya njano. Fundi alikuwa amekichunguza hatua kwa hatua kama alivyofundishwa. Alibadilisha kebo, taa ikabaki njano. Alikizima akakiwasha, njano. Akasoma hali ya betri inayolinda kumbukumbu yake, akakuta haishiki chaji hata kidogo. Kidhibiti kipya kilikuwa tayari mezani, ndani ya mfuko wake. Kilichobaki ni kuchomoa kibovu na kuchomeka kipya, huku kile cha kulia kikiendelea kuhudumia hospitali nzima.

Kazi hiyo hufanywa na watu wawili. Mmoja husimama mbele ya kabati, penye taa, na mwingine nyuma, penye vishikio. Wa mbele hutaja upande, wa nyuma hujibu kinyume, kwa sababu kushoto kwa mbele ni kulia kwa nyuma. Kitengoni jambo hilo waliliita kuitikiana, na wageni wakiwasikia walidhani mafundi wanafanya mazoezi ya kwaya. Lakini fundi mwenzake alikuwa bado hajafika, na Fundi hakutaka kusubiri.

Kama angeulizwa kwa nini, asingekuwa na jibu la kujivunia. Kwa miaka mingi alikuwa mlinzi wa geti la hospitali hiyohiyo. Akaingia darasa la jioni mvi zikiwa zimeshaanza, akakaa dawati moja na vijana waliomwita Babu Kompyuta, akasinzia juu ya kitabu, akaomba Mungu amfungue kichwa, na kichwa kikafunguka. Bado wapo waliompigia saluti ya mlinzi kwa mzaha akipita. Asubuhi hiyo alitaka Mkuu akifika akute taa zote za kijani na kazi imekwisha, imefanywa na mtu mmoja.

Akazunguka nyuma. Kebo zilikuwa zimening'inia mbele ya vibandiko vinavyotaja upande. Mkono wake wa kushoto ukapata kishikio, akabana, akavuta.

Mlio wa kabati ukabadilika, kama mtu aliyekatizwa katikati ya sentensi.

Alijua hapohapo. Alikuwa ameshika mkononi kidhibiti kile kizima, kina joto. Akakirudisha kwa nguvu mpaka kikagota, akazunguka mbele mbio, akaona taa zinazimika na kuwaka bila mpango. Koridoni simu ikaanza kulia, ikafuata nyingine. Mpiga picha wa eksirei akapaza sauti kutoka chumbani kwake: "Jamani, skrini yangu imekuwa nyeupe."

Shemeji alikuwa amesimama katikati ya chumba, tambara likidondosha maji. "Kuna nini?"

Kabla hajajibiwa, Mkuu wa kitengo akaingia, begi bado begani. Akatazama kabati. Akatazama sakafu iliyolowa. Akamtazama mwanamke mwenye tambara, na hakuhitaji kutazama kingine.

"Huyu anafanya nini humu?"

"Nilikuwa nafuta maji, Mkuu," shemeji akasema.

"Unafuta maji au unayaleta? Unajua kilichomo humu?" Akamgeukia Fundi. "Maji yakipenya chini ya kabati, yanaweza kuangusha vidhibiti?"

Lilikuwa swali la kitaalamu. Alilijua jibu lake toka muhula wa kwanza, na jibu lenyewe lilikuwa kweli.

"Yanaweza," Fundi akasema.

Neno moja. Shemeji akamtazama, akingoja la pili. Halikuja.

* * *

Mchana kutwa walihangaika na kabati. Mwenzake alipofika, waliitikiana kama inavyotakiwa, wakaweka kidhibiti kipya, na picha za zamani zote zikarudi kutoka kwenye nakala ya usiku. Lakini picha za asubuhi hiyo zilikuwa bado hazijaandikwa. Zilikuwa kwenye kumbukumbu ya kile kidhibiti kizima, na kwa kuwa betri hulinda umeme ukikatika, si kidhibiti kikichomolewa kikiwa kazini, zilitoweka pale mkono ulipovuta. Waliopigwa picha kabla ya saa mbili walipaswa kuitwa tena, mmoja mmoja.

Mkuu akamwambia: "Wewe ndiye uliyekuwepo. Nitafutie chanzo. Kesho asubuhi nataka unieleze mbele ya utawala."

Ndivyo Fundi alivyopewa kazi ya kujitafuta mwenyewe. Alilala kifudifudi na tochi akakagua chini ya kabati, akijua atakuta pakavu, na palikuwa pakavu. Alipapasa plagi moja moja. Mwenzake, akiwa amechuchumaa kando, akasema, "Maji hayajafika hata robo ya njia. Ajabu." Fundi akaendelea kupapasa.

Alipotoka kunywa maji, alipita mlango wa eksirei. Ndani kulikuwa na mama mmoja muuza mkaa aliyeteguka nyonga kwa kuanguka na gunia. Wanawe walikuwa wamembeba alfajiri, akapigwa picha, akarudishwa benchi. Sasa alikuwa anapandishwa mezani mara ya pili.

"Mmeniambia nimemaliza," alikuwa anasema, taratibu, kama anayejadiliana bei. "Mliniambia nigeuke nikageuka. Sasa picha yangu mmempa nani?"

"Mashine imepoteza, mama. Vumilia."

"Mashine inapoteza, mimi ndiye ninayegeuzwa."

Kisha wakamgeuza, na Fundi akasikia sauti ambayo haikuwa kilio, bali pumzi iliyokatwa kwa meno. Aliondoka na kikombe hakijajaa.

Nje, kwenye benchi la kusubiria, habari ilikuwa imeshapata miguu. Wahudumu walikuwa wamembandika shemeji yake jina jipya. "Mafuriko anapita, inueni miguu," mmoja akasema, na wagonjwa wakacheka kwa sababu walikuwa wamechoka na hawakuwa na kingine cha kuchekea. Shemeji akapita na ndoo tupu. Mgonjwa mmoja akamuuliza kama ni yeye kweli, na Fundi akamsikia akijibu: "Nisameheni, jamani. Sikukusudia."

Alikuwa anaomba radhi. Fundi akajibanza nyuma ya nguzo mpaka akapita.

* * *

Nyumba yao ilikuwa vyumba viwili na sebule ndogo ambayo nusu yake ilikaliwa na cherehani ya mke. Cherehani hiyo ndiyo iliyomsomesha: mke alishona sare za shule za mtaa mzima ili mume apate ada ya darasa la jioni, na cheti chake alikitundika ukutani yeye mwenyewe, juu kidogo ya usawa wa macho, ili kila anayeingia alazimike kuinua kichwa.

Jioni hiyo chakula kiliwekwa, mikono ikanawishwa. Desturi ya nyumba ni kwamba baba huomba kwanza. Watu wakafumba macho. Kimya kikakaa, kikaendelea kukaa.

"Baba," binti yao mdogo akanong'ona, "umesinzia?"

"Omba wewe leo, mwanangu."

Mtoto akafurahi kupewa heshima hiyo, akamshukuru Mungu kwa chakula, kwa cherehani, kwa baba anayetengeneza mashine za wagonjwa, kisha akaongeza: "Na umsaidie mama mdogo wasimfukuze kazi. Amina."

"Amina," wakasema wote. Fundi alilisema bila sauti.

Shemeji hakula. Alikuwa anamega tonge na kulirudisha. "Dada, nimefikiri sana. Unajua labda ni kweli? Lile tambara lilikuwa zito. Labda nililivuta likagusa waya bila mimi kujua."

"Uligusa?" mke akauliza.

"Sikumbuki kugusa. Lakini nao wamesoma, hawawezi kusema tu. Hata shemeji amesema maji yanaweza." Akamgeukia Fundi, uso wake hauna lawama hata chembe, na hilo ndilo lililomchoma. "Shemeji, nisamehe. Nimekuharibia kazini kwako. Watasema umeingiza ndugu."

"Kula," Fundi akasema. "Usijitese."

"Kesho wakiniuliza, nitasema nimekosa, nimalizie hapo. Pengine watanionea huruma wakanihamishia kufua."

Fundi akasukuma sahani. Akanywa maji, akainuka, akatoka uani.

Mke alimfuata baadaye, akiwa bado na uzi umening'inia begani. Hakumuuliza kitu. Alikaa kwenye kibao kando yake, akangoja kama anavyongoja mteja anayeona haya kutaja kipimo cha kiuno chake.

"Ni mimi," Fundi akasema.

"Wewe nini?"

"Nilichomoa kisichotakiwa. Nilikuwa nyuma ya kabati, peke yangu, nikasahau kwamba nyuma pande zinageuka. Mdogo wako hakugusa kitu. Hata kuingia, nilimwita mimi."

Ndani, sauti ya shemeji ilisikika ikimwimbia mtoto.

"Nani anajua?"

"Mungu. Na sasa wewe."

"Mbona Mungu umemtaja kwanza wakati hukumwambia kwanza?" Mke alijaribu kutabasamu, ikashindikana. Akauchomoa ule uzi begani, akaanza kuuzungusha kidoleni. "Wakijua watakufukuza?"

"Nadhani. Si kwa kuchomoa. Kwa kunyamaza."

"Basi sikiliza." Sauti yake ilishuka. "Simpendi mdogo wangu pungufu ya ninavyokupenda wewe. Mimi ndiye niliyemleta mjini, mimi ndiye niliyemlea. Lakini yeye akimwaga unga, kesho atapata sakafu nyingine. Sakafu ziko kila mahali. Wewe kabati lingine utalipata wapi? Na umri huu? Nani atamchukua mlinzi mzee mwenye cheti cha jioni na doa?"

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo sijasema kitu. Nimefikiri kwa sauti tu."

Fundi alimtazama na kuona kwamba naye ameingia ndani ya uongo uleule alimo yeye, na kwamba ni yeye aliyemvuta. Akasema, "Ameniomba msamaha. Amekaa pale mbele ya sahani yangu akaniomba mimi msamaha."

"Nilimsikia," mke akasema. Akauingiza ule uzi mfukoni, akaingia ndani.

Alipopiga magoti kando ya kitanda, Fundi alianza sala zote anazozijua. Kila moja ilifika mahali pale pale, ikasimama. Alizoea kuomba apewe: akili, kazi, ada, afya ya mtoto. Hakuwa na mazoezi ya sala ambayo jibu lake liko mkononi mwake mwenyewe. Mwishowe hakuomba kitu. Alikaa tu magotini kama mtu aliyeitwa ofisini na kuambiwa asubiri.

* * *

Asubuhi mke alimvalisha mdogo wake gauni lake la kutokea, la bluu, akambana kiuno kwa pini kwa sababu lilimpwaya. Alimfunga kila kifungo mwenyewe, macho yake yakiwa kwenye vifungo.

"Dada, mbona kama unanipeleka kuolewa?"

"Simama wima," mke akasema. "Nakwenda na wewe. Ndugu anaruhusiwa."

Chumba cha utawala kilikuwa na meza ndefu, na upande mmoja walikaa Mkuu, ofisa utumishi na msimamizi wa usafi. Upande wa pili palikuwa na kiti kimoja tu, cha mtuhumiwa. Mke alisimama mlangoni. Fundi alielekezwa akae upande wa meza ya wakubwa, karibu na Mkuu, kwa kuwa ndiye mtaalamu. Kiti kilikuwa na mto.

Ofisa utumishi akamuuliza shemeji kama ana la kusema.

"Nimekosa, naomba mnisamehe," shemeji akasema haraka, kama mtoto anayemeza dawa chungu ili imalizike. "Nilipeleka maji pasipotakiwa."

"Mmesikia, amekiri mwenyewe," msimamizi wa usafi akasema. Alikuwa anataka kuwahi chai.

"Basi tukamilishe utaratibu," Mkuu akasema. "Fundi, tueleze kwa ufupi. Umekagua, umeona chanzo ni maji?"

Hapo tena lilikuwepo lile neno, karibu na mdomo, rahisi kusema. Angeweza kusema maji yanaweza, hakuna ambaye angemsuta, na mwanamke mwenye gauni la kuazima angeinuka na kwenda kutafuta sakafu nyingine. Alimwona mke wake mlangoni. Mke alikuwa ameinamisha kichwa, hamsaidii upande wowote.

Fundi akainuka kutoka kwenye kile kiti chenye mto. Akashika meza.

"Chini ya kabati pakavu. Maji hayakufika. Kidhibiti kibovu kilikuwa cha kushoto ukitazama kwa mbele. Mimi nilikuwa nyuma. Nilivuta cha kushoto kwangu, ambacho ndicho kilikuwa kizima. Nilikuwa peke yangu, sikuitikiana na mtu. Na huyu hakujiingiza, nilimwita mimi afute maji ya kiyoyozi."

Msimamizi wa usafi akasahau chai.

"Jana nilikuuliza," Mkuu akasema polepole.

"Uliniuliza kama maji yanaweza. Nikakujibu hilo uliloniuliza, nikakuacha uamini lile ambalo hukuniuliza. Ni uongo, Mkuu, ila nilikuwa nimeuvalisha nguo za ukweli."

"Ungesema palepale, ningekukaripia, tungeendelea na kazi. Hata mimi nimeshavuta kebo isiyo yake. Lakini umemwacha mtu alale na kosa lako."

"Ndiyo."

"Na mimi nilijua jana jioni," mke akasema kutoka mlangoni. Wote wakageuka. "Nilimwambia anyamaze. Sikutumia neno hilo, lakini ndilo nililomwambia." Akamtazama mdogo wake kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Nilikufunga vifungo huku najua."

Shemeji alikuwa amekaa, mikono juu ya gauni la bluu. Hakulia. Alikuwa anawatazama wote wawili kwa zamu, kama mtu aliyerudi nyumbani akakuta vyombo vimehamishwa.

Ofisa utumishi akakohoa, akasema mashtaka dhidi ya mfanya usafi yamefutwa, arudi kazini. Fundi asimamishwe kazi bila mshahara mpaka kamati ikae, na asiguse kabati wala funguo. Fundi akavua kitambulisho chake, akakiweka mezani.

"Basi, dada, umesafishika," msimamizi wa usafi akamwambia shemeji kwa ukarimu wa ghafla. "Nenda kavae sare."

"Nimesafishika wapi?" shemeji akauliza. Sauti yake ilikuwa ya chini, na ndiyo iliyowafanya wote wasikilize. "Humu ndani tupo watu wangapi? Mimi sikutukanwa humu. Nilitukanwa pale benchini. Nimewaomba radhi watu nisiowajua kwa kosa nisilolijua. Shemeji, jana nilipokuwa napita na ndoo nilikuona nyuma ya nguzo. Nikadhani unanionea aibu."

Fundi akatazama kitambulisho chake pale mezani.

"Sitaki uniombe msamaha nyumbani, tukiwa tumekaa mkekani, dada analia na mtoto anashangaa. Hapo nitakusamehe kwa sababu nakula kwako. Twende pale."

Wakatoka. Koridoni benchi lilikuwa limejaa, waliokuwa wanarudia picha na waliokuja kwa mara ya kwanza. Muuza mkaa alikuwa amelala kwenye machela kando ya ukuta. Picha ya jana ilitoka na ukungu kwa sababu alijikunja, sasa walikuwa wanangoja kumrudisha mezani tena. Mhudumu mmoja akafungua mdomo kusema lile jina, akawaona Mkuu na ofisa utumishi wakija nyuma, akaufunga.

Fundi akasimama mahali ambapo kila mtu angemwona. Bila kitambulisho shingoni alionekana kama jamaa wa mgonjwa.

"Samahanini," akaanza, sauti ikagoma, akarudia. "Samahanini. Mmeambiwa picha zenu za jana zimepotezwa na huyu dada kwa maji. Si kweli. Nilizipoteza mimi, kwa haraka zangu, na kisha nikanyamaza nikamwacha yeye atukanwe. Ni shemeji yangu. Nilikuwa naogopa kupoteza kazi, na leo nimesimamishwa."

Minong'ono ikapita kwenye benchi. Mzee mmoja akasonya. Muuza mkaa akageuza kichwa tu, kwa kuwa ndicho alichoweza kugeuza.

"Ni wewe uliyenigeuza mara mbili?"

"Ni mimi, mama."

"Na leo ya tatu."

"Na leo ya tatu."

"Watu wa hapa mnasema pole vizuri sana," muuza mkaa akasema. "Pole nimeshajaza kapu. Wanangu wamekwenda kazini. Hapa ana nguvu nani wa kunishika nisiteguke tena? Huyu msichana mwembamba wa picha? Wewe si umekaa bure sasa?"

Mtu mmoja akacheka, akanyamaza. Fundi akamtazama Mkuu. Mkuu akainua mabega, kisha akatikisa kichwa kukubali. Fundi akamtazama mke wake, halafu shemeji. Shemeji alikuwa amekunja mikono, anasubiri, na uso wake haukumwahidi chochote.

Fundi akasogea kwenye machela, akashika shuka upande wa miguu kwa mikono yote miwili.

"Mbele yenu wote, na mbele ya huyu niliyemkosea, naahidi," akasema, na safari hii sauti ilifika mpaka mwisho wa koridoni. "Kila aliyepotezewa picha na mimi nitamshika mwenyewe mpaka apate nyingine, leo na kesho na mpaka wa mwisho wenu aondoke. Na atakayeuliza ni kosa la nani, nitamjibu kabla hajamaliza kuuliza."

"Basi nishike," muuza mkaa akasema. "Polepole."